Mwaka wa Kurasa Ukutani

Tulipomaliza kumzika Mwalimu Jilo pale Minjila, mwaka jana, wanawake tuliketi kwenye mikeka upande wa nyuma wa nyumba. Mmoja wao, ambaye simjui, alinitazama kwa muda, kisha akamuuliza mwenzake kwa sauti ambayo hakujali kuipunguza, "Huyu ndiye yule wa ukuta?" Mwenzake akasema ndiye. Wakaendelea na habari za mchele ambao haujatosha na masufuria yaliyoazimwa, wakaniacha nimeshika kikombe changu cha chai. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Nimefanya kazi nyingi tangu wakati ule, katika miji mikubwa, na baadhi zimenipa vyeti vya kutundika, lakini Garsen mimi ni yule wa ukuta. Nilipokuwa msichana ningeona aibu hadi nishindwe kumeza. Siku ile ya msiba nilijikuta natamani waendelee, waniulize, niwaeleze kila kitu tangu mwanzo. Hawakuuliza. Kwa hiyo nayaandika hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifika Garsen kutoka Kipini mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa ya Mto Tana ya mwisho wa miaka ya tisini, nikapewa chumba cha nyuma katika ofisi ya mradi mdogo wa maji na malisho ambao Mwalimu Jilo aliusimamia baada ya kustaafu ualimu. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya udongo vilivyopakwa chokaa, bati juu, na katika kila ukuta ulikuwepo mstari wa kahawia uliopita juu kidogo ya goti, mahali ambapo maji yalisimama kwa majuma. Chumba cha mbele kilikuwa na mabenchi mawili, meza ya Mwalimu, na kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haikufunguka tena kwa sababu tope lilikaukia ndani. Chumba cha nyuma kilikuwa changu: dirisha moja lenye wavu uliotoboka, harufu ya popo, na juu ya meza kompyuta iliyofunikwa shuka. Jenereta iliwashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa sita. Saa nyingine zote za siku kompyuta ilikuwa sanduku tu lenye kioo, nami nilikuwa na karatasi, penseli na joto.

Wafadhili walitaka mradi uwe na tovuti. Neno hilo lilikuwa halijatufikia. Tulisema websaiti, na Mwalimu aliposema "ile websaiti" alitumia sauti ile ile aliyotumia kusema "ile homa". Hapakuwa na intaneti Garsen. Mpango ulikuwa nitengeneze kurasa zote pale, nizihifadhi kwenye diski, na diski zipelekwe Mombasa ambako mtu angezipandisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona intaneti mara mbili tu, na mara ya pili umeme ulikatika kabla ukurasa haujamaliza kujitokeza. Waliponiuliza kama ninajua kutengeneza websaiti, nilijibu ndiyo. Kisha nikaenda nyuma ya jengo nikatapika. Nilijifunza kwa kitabu kilichotolewa kopi na mtu mwenye haraka: ukingo wa kulia ulikatwa, kila mstari ukakosa neno lake la mwisho. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba taaluma yangu ya kwanza niliipata kwa kukisia maneno ya mwisho.

Sura iliyonishika haikuwa ile ya kuandika kurasa bali ile iliyotangulia, iliyosema kwamba kabla hujaandika hata moja lazima uamue kurasa zitakuwa zipi, upi ukae chini ya upi, na kutoka upi mtu aweze kufika upi. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni swali. Nilipoanza kulifikiri, sikuweza kuacha. Ukurasa wa mchele ukae wapi? Chini ya Mashamba, au chini ya Chakula, au chini ya Mto, maana bila mto mchele haupo? Nilikuwa nikila wali kwa kambare katika kibanda cha jirani, nikatazama jinsi mama muuzaji alivyopanga vitu vyake, sukari karibu na majani ya chai, viberiti karibu na mafuta ya taa, nikajiuliza nani alimfundisha kwamba mteja wa kimoja atataka cha pili. Nilimuuliza. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Kwani wewe ungeviweka wapi?" akasema. Swali lake lilikuwa bora kuliko sura nzima ya kitabu changu, ila sikulijua hilo wakati ule.

Kwa kuwa jenereta iliwaka saa tatu tu kwa siku, nilihamishia tovuti ukutani. Nilikata migongo ya fomu za zamani za msaada, nikaandika jina la ukurasa mmoja kwenye kila kipande, nikavipachika kwenye ukuta wa udongo kwa miiba ya mgunga, kwa sababu maduka yalikuwa bado hayajaleta pini. Kwa fundi cherehani nikapata nyuzi. Uzi wa buluu ulionyesha njia ya kwenda kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine; uzi mwekundu ulionyesha mahali ambapo njia inaishia, ambapo mtu hawezi kuvuka bila kurudi kwenye ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza niliuita Ofisi na kuuweka juu katikati. Niliogopa sana msomaji apotee. Nilimwazia mtu asiyenijua, mbali huko, akizunguka kwenye kurasa zangu kama mtu aliyeingia nyumba ngeni akitafuta choo, kwa hiyo nikaamua kila safari ianzie Ofisi na irudi Ofisi. Mto ukawa chini ya Ofisi. Mashamba na Wakulima vikakaa kando ya Mto, kwa sababu ya umwagiliaji. Wafugaji na Malisho nikavipeleka upande wa dirisha, kwa sababu huko ndiko nafasi ilikobaki. Naomba ieleweke hivyo: nafasi, basi.

Miezi minne nilikaa na ukuta ule. Nikiona herufi imeinama nilikiandika upya kipande kizima. Nikiona nyuzi mbili hazina mwinuko sawa nilizing'oa zote. Mwalimu alipouliza, nilisema karibu iko tayari, na kila nilipolisema hilo nilijua kesho nitabomoa. Sikutaka mtu aone kitu ambacho hakijakamilika. Nikachukua leso yangu moja ya kujifunga, ile ya maua ya zambarau, nikaitundika mbele ya ukuta kwa misumari miwili. Nikitoka, nafunga mlango. Nikiingia, nafunga mlango. Nilidhani ninauficha udhaifu wangu, na sikujua kwamba katika mji mdogo uliotoka kwenye mafuriko, ambapo mipaka ya mashamba imesombwa, na mto wenyewe umehama mahali pawili, mtu anayefunga mlango na kuchora ana maana nyingine kabisa.

Hapo lazima nieleze habari ya malka. Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni, inayopita katikati ya mashamba ya wakulima. Wafugaji wa Orma wanazijua zote kwa majina, na wakulima wa Pokomo wanazijua pia, hata wanapojifanya hawazijui. Mafuriko yalikuwa yameifunika malka moja ya karibu kwa udongo mzuri mweusi, na mkulima mmoja aitwaye Buya, mtu mrefu mwenye kikohozi, akapanda mahindi humo. Kiangazi kilikuwa kimeingia. Ng'ombe walikuwa wanafika, wananusa maji, na njia haipo. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wameanza kutembea na vitu vilivyofungwa ndani ya magunia. Mwalimu alikuwa ameitisha kikao siku ya Alhamisi, ofisini kwetu, wafugaji na wakulima wakae pamoja juu ya malka ile. Kila mtu alijua kwamba kama kikao hakitafanyika, ng'ombe watapita tu, na watakapopita mtu atakufa.

Maziwa ya ofisi tuliletewa na Mama Hawa, mwanamke wa Kiorma aliyekuja na vibuyu viwili kila asubuhi, dada wa mzee Wario, na Wario ndiye aliyekuwa msemaji wa wafugaji katika kamati ya Mwalimu. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la Mwalimu mwenyewe, na alisoma kila kitu alichokiona: mifuko ya saruji, dawa ya mbu, fulana za watu, kwa sauti, kidole mbele. Siku moja alipokuwa akimimina maziwa aliinua kidevu kuelekea leso. "Zena, nyuma ya hii kuna nini?" Ningeweza kusema ni kazi haijaisha. Nilisema, "Hakuna kitu, Mama. Ukuta umeoza tu." Akasema "Haya," akaendelea kumimina. Nilikwenda mbele kutafuta chombo cha pili. Nadhani nilichukua dakika mbili. Nilipomrudia alikuwa amesimama pale pale, leso ikicheza kidogo, na sikufikiri chochote isipokuwa kwamba upepo umeingia kwenye tundu la wavu.

Kesho yake maziwa hayakuja. Wala keshokutwa yake. Mwalimu alikunywa chai ya rangi akikunja uso. "Huyu mama anaumwa?" akaniuliza. Siku ya tatu, Jumanne, ilifika salamu kutoka kwa Wario kwamba wafugaji hawatakuja Alhamisi, na hakueleza sababu. Mwalimu aliondoka kwenda kuuliza kwa chifu. Nikabaki nyuma ya mlango wangu uliofungwa, na kwenye benchi la mbele walikuwepo watu wawili wanamngoja, mmoja mfugaji, mmoja mkulima, waliokuwa wakizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha waliyoshirikiana.

"Nyinyi hamji Alhamisi?" akauliza mkulima.

"Tukuje kufanya nini? Wameshachora."

"Nani kachora?"

"Ule msichana wa Kipini. Humo ndani. Amechora nchi yote. Mto buluu. Mpaka nyekundu."

"Na nyinyi amewaweka wapi?"

"Dirishani."

"Dirishani!"

"Walahi, dirishani. Mtu akisukumwa kidogo anaanguka nje."

Mkulima akacheka kwa nguvu. "Na sisi je?"

"Nyinyi mko na mto."

"Basi huyo msichana anajua kazi. Nitamletea ndizi."

"Mletee. Lakini ng'ombe haijui kusoma," mfugaji akasema, na hakuna aliyecheka tena.

Niligeuka, nikaivuta leso, nikautazama ukuta wangu kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu mwingine. Kila neno walilosema lilikuwa kweli. Uzi mnene wa buluu ukishuka katikati. Wakulima wamekaa ukingoni. Nyuzi nyekundu zimenyooka kuliko mpaka wowote niliowahi kuuona Tana, kwa sababu nilitumia rula. Na huko mwisho, chini ya tundu la wavu, Wafugaji. Naungama hapa jambo ambalo sikumwambia Mwalimu hata alipokuwa hai: wazo langu la kwanza halikuwa juu ya ng'ombe, wala vijana wenye magunia. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba wameiona kazi yangu haijakamilika. La pili lilikuwa kuing'oa yote niichome, halafu niapie kwamba haikuwepo. Nilishika mwiba mmoja. Nikakaa nao mkononi hadi Mwalimu aliporudi, na bado nikakaa, nikamsikia akivua viatu, akijimiminia maji, akiguna peke yake. Nusu ya mchana nilikaa. Ndipo nikafungua mlango.

Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaingia, akaweka mikono mgongoni kama anayekagua madaftari, akautazama ukuta kutoka kushoto kwenda kulia. "Miezi minne, Zena," akasema. "Nilidhani unatengeneza ndege." Akasogea karibu. "Na mimi niko wapi?" Nikamwonyesha kipande kilichoandikwa Wafanyakazi. Hakuridhika nacho. Nilitaka anikemee, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, lakini aliuliza tu nilimwambia nini Mama Hawa, neno kwa neno. Nikamwambia. Akapumua kwa pua. "Mimi nikienda, watasema ofisi inajitetea. Uongo ni wako. Uende nao mwenyewe."

Nilikwenda Jumatano asubuhi, kwa miguu, hadi kwa Mama Hawa, pembezoni mwa Minjila. Alikuwa anafukiza vibuyu, kijiti kinachofuka moshi kikizungushwa ndani ili maziwa yakae bila kuharibika. Hakuinuka. Lakini mgeni ni mgeni, na kabla sijasema neno nilipewa maziwa kwenye kikombe cha bati, yenye harufu ya moshi, hadi juu. Kumnyima hata mtu uliyemkasirikia hakumo katika mambo yao. Nikanywa yote kwa woga.

"Mama, nilikudanganya," nikasema.

"Najua. Mimi nasoma." Akaweka kibuyu chini. "Niliuliza wewe nyuma ya leso kuna nini, ukasema hakuna kitu. Sasa hakuna kitu iko na jina ya sisi?"

Nikajaribu kueleza. Nikasema si ardhi, ni kurasa, ni kama kitabu ambacho hakishikiki, kinasomwa kwenye kioo, na nyuzi ni njia ya kutoka ukurasa huu kwenda ule. Nilikuwa naeleza vibaya, nikarudia, nikajisahihisha. Alinisikiliza kwa umakini ambao sijaupata tangu siku hiyo kutoka kwa mteja yeyote.

"Kama ni kitabu," akasema, "kwa nini unaficha? Mwalimu haficha kitabu."

"Kwa sababu bado haijawa nzuri."

Akanitazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza, akaita mtu ndani ya nyumba kwa Kiorma, na huyo naye akacheka. "Huyu alikuwa na aibu!" akaniambia mimi, kana kwamba ananijulisha habari za mtu mwingine. "Wazee wamekaa siku mbili hawali, wanasema serikali, wanasema ardhi. Kumbe msichana iko na aibu." Kisha uso ukarudi kuwa wa kazi. "Mimi peke yangu siamini hii maneno. Wario aone na macho yake. Na leso utoe sasa, sio siku ile sisi nafika."

Nilirudi nikaitoa leso. Nikaacha mlango wazi, dirisha wazi. Mchana kutwa watu walipita na kuchungulia, na kila aliyechungulia nilihisi kama ananitazama nikioga. Kipande cha Malisho kilikuwa kimeinama. Mikono iliniwasha. Sikukigusa.

Alhamisi walikuja. Wario alikuja na wazee wawili, akakaa upande mmoja. Buya na wakulima wenzake upande wa pili. Mama Hawa akasimama mlangoni na kibuyu, na chai siku hiyo ilikuwa ya maziwa. Mwalimu alitaka waanze na malka. Wario akakataa. "Kwanza hii," akasema, akionyesha chumba cha nyuma. Wakabanana wote humo ndani, na mimi, ambaye sikuwahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya watatu, nikasimama mbele ya ukuta na kueleza. Nilisema hakuna hata kipande kimoja hapa ambacho ni mahali. Nilisema mtu aliye mbali atakaa mbele ya kioo, atasoma, atabonyeza neno, na atapelekwa ukurasa mwingine kwa kufuata uzi.

"Mtu anafuata uzi," akasema Wario.

"Ndiyo, Mzee."

"Yeye iko hapa, anasoma habari ya wafugaji. Anataka kujua ng'ombe wanakunywa wapi. Anataka mto. Anapita wapi?"

Nikafuata uzi kwa kidole. "Anarudi kwanza Ofisi. Halafu kutoka Ofisi anashuka Mto."

Wario akageuka polepole kuwatazama wenzake. "Ng'ombe iko na kiu. Mto iko hapa, inanusa. Lakini kwanza irudi Garsen, iingie ofisi, isalimie Mwalimu, ndio ikunywe maji?"

Aliyeanza kucheka alikuwa Buya. Alicheka akakohoa, akashika mlango, na kicheko kikaenda upande wa pili wa chumba, hata Mwalimu akatazama chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeliona kosa langu. Kitabu changu, kile kisichokuwa na maneno ya mwisho, hakikuwahi kunieleza hivyo. Nilikuwa nimejenga nyumba ya vyumba vingi isiyo na mlango kati ya chumba na chumba, kila mtu akitaka jikoni atoke barabarani kwanza. Kwa miezi minne nilinyoosha herufi, na sikuwahi kujiuliza msomaji wa ukurasa huu atataka nini baada yake. Watu ambao hawajawahi kuona kompyuta ikiwaka waliliona tatizo kabla chai haijapoa. Nikatamani wote waondoke nianze upya, na nikatamani pia wasiondoke kamwe, waniulize mengine.

"Leta uzi," akasema Mama Hawa. Akajipenyeza, akafunga uzi wa buluu kwenye mwiba wa Wafugaji, akauvuta moja kwa moja hadi kwenye Mto, fundo kubwa baya. Uzi ukakata juu ya kipande kilichoandikwa Mashamba.

Buya aliacha kucheka. "Huo umepita juu ya shamba."

"Si shamba, ni ukurasa," nikasema haraka.

"Binti, nimesikia ulivyosema," akasema bila ukali. "Lakini umepita juu ya shamba." Na akamgeukia Wario, na kuanzia hapo hawakuzungumza tena juu ya kurasa. Walizungumza wakiwa wamesimama, wakionyeshana kwenye nyuzi zangu, kwa sababu ndipo walipokuwa wamesimama. Buya alisema hakupanda kwa ubaya. Udongo ulikuja wenyewe, alama zote zilikuwa zimefunikwa, na watoto walikuwa wanakula msaada. Aliomba majuma matatu mahindi yakomae. Wario akasema hapingi mahindi, lakini ng'ombe hana majuma matatu, ana siku nne, labda tano, na akataja mmoja mmoja walioanza kuanguka, kwa rangi zao. Buya alizijua rangi zile. Aliuliza juu ya mmoja mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Wario akasema alikufa Jumatatu. Mwalimu aliwaachia wenyewe, na namheshimu kwa hilo kuliko kwa hotuba zake zote. Mwisho Buya akauliza, upana gani? Wario akasema ng'ombe kumi wakiwa sambamba. Buya akasema sita. Wakakubaliana wanane, asubuhi tu, vijana wa Wario wakishika pande zote mbili. Mama Hawa akaniambia niandike hilo kwenye karatasi nilipachike kwenye uzi ule, nikaandika *Malka*, haraka, herufi zimeinama kama majani, na nikalipachika hivyo hivyo.

Jumamosi Buya na wanawe walikata mahindi ya ile njia. Sikwenda kuona. Nilikuwa naandika ukurasa wa Malka, na nilikuwa na furaha, nakiri, furaha ya mtu aliyepata kipande kilichokosekana. Sasa kila kitu kiliungana. Kutoka Malka mtu angefika Mto, Mashamba, Wafugaji, Malisho, apendavyo. Niliongeza nyuzi hadi ukuta ukafanana na wavu wa kuvulia. Jumapili ng'ombe walishuka, na hakuna aliyeumia. Jumatatu jenereta ilipokuwa inanguruma, Buya aliingia chumba cha nyuma bila kubisha, akavua kofia, akautazama ukuta kwa muda.

"Hapa nimeandikwa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha Wakulima. Akatikisa kichwa. Nikamwonyesha Mashamba. Akatikisa tena. Nikamsomea ukurasa wa Malka ulivyokuwa kwenye kioo: wakulima na wafugaji walikubaliana kwa amani kuifungua upya njia ya mifugo. Niliona fahari nilipousoma. Ilikuwa sentensi safi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wakulima," akasema. "Wakulima wangapi?"

Aliyekata mahindi yake alikuwa mmoja.

Nikavuta kiti akaketi. Nikafungua ukurasa mpya, usio na jina, usio na mwiba ukutani, ambao sikujua utakaa chini ya nini, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuanza kwa kujiuliza hivyo. Nikamwambia aseme yeye, mimi nitaandika. Alikohoa, akatazama mikono yake, akasema polepole ili vidole vyangu vimfikie: "Andika, Buya alikuwa na mahindi hapo. Yalikuwa yamefika kiunoni. Yalikuwa yameanza kutoa nywele. Akayakata. Ng'ombe wakapita." Nikauliza kama kuna lingine. Akasema hakuna. Nikarudi kwenye ukurasa wa Malka, nikaifuta ile sentensi yangu, na mahali pake nikaweka jina lake, ili atakayelibonyeza afike kwake.

Kisha nikamsomea alichosema, kama kilivyokuwa. Alitazama kioo, ingawa hakujua kusoma.

"Soma tena," akasema.